Dada yangu hali samaki mbichi: kwa treni kutoka Hakodate hadi Tsugaru

Ijumaa: Sapporo hadi Hakodate

Dada yangu mkubwa kapewa likizo mwezi wa pili, akafunga safari kutoka Tanga mpaka Sapporo, kwenye kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, kuja kunitazama. Nilimwambia huku sasa hivi ni baridi kali. Akasema baridi anaijua, amefundisha Lushoto. Sharti lake lilikuwa jingine kabisa. "Mdogo wangu, nipeleke utakako, lakini samaki mbichi mimi sili. Mimi si paka."

Basi nikapanga njia iliyojaa samaki mbichi mwanzo hadi mwisho. Tushuke kusini hadi Hakodate, mji wa ngisi. Tupite chini ya bahari hadi Aomori, mji wa jodari na hotate, yaani jamii ya chaza mwenye gamba pana lenye mistari. Halafu tuingie Tsugaru, kwenye mashamba ya matufaha, ambako majira ya baridi kuna treni inayotembea na majiko ya makaa ya mawe ndani ya mabehewa. Dada alichukua pasi ya watalii ya JR East-South Hokkaido, ambayo ni ya siku sita mfululizo na inampandisha mtu hata shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi. Mimi nikakata tiketi za kawaida, nikawa nanung'unika kila nikifungua pochi.

Treni ya Hokuto hutumia karibu saa nne kutoka Sapporo hadi Hakodate. Kaa upande wa kushoto. Ukishavuka Tomakomai reli inaikumbatia pwani, na kuna sehemu theluji imeshuka mpaka kwenye mchanga wa ufukwe, mawimbi yanakuja kuilamba. Dada alipiga picha hiyo mara nyingi, kisha akaniuliza kama ile nyeupe si chumvi.

Kuna stesheni ndogo njiani iitwayo Mori. Hapo ndipo kilipoanzia chakula cha stesheni ambacho Japani nzima inakijua: ikameshi, ngisi wadogo walioshindiliwa mchele tumboni, wakachemshwa kwenye sosi ya soya na sukari. Kilianza kuuzwa mwaka 1941. Vita vilikuwa vimeleta upungufu wa mchele, ngisi walikuwa tele, na mchele kidogo ukiwekwa ndani ya ngisi huvimba ukamshibisha mtu. Treni yetu ilisimama pale, milango ikafunguka, ikafungwa. Hakuna nafasi ya kushuka kununua. Nikamwambia dada asijali, ngisi wa namna hiyo wamejaa kwenye maduka ya Hakodate.

Tulifika jua likiwa limeshaegemea. Dada alitazama saa, akatazama nje. "Magharibi saa kumi na moja?" Ndiyo, Hakodate katikati ya Februari jua linazama saa kumi na moja hivi. Mtu aliyezoea kuswali Magharibi saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, jambo hili linamsumbua kuliko baridi yenyewe. Tuliswali chumbani, tukavaa kila nguo tuliyokuwa nayo, tukaenda kupanda mlima.

Mlima Hakodate una mita 334 tu, na gari la waya linalobeba watu 125 kwa mpigo hukufikisha juu kwa dakika tatu. Picha ya mji huu usiku imo kwenye kila kalenda ya Hokkaido, kwa hiyo nilidhani nitaiona nikaizoea papo hapo. Hapana. Mji umekaa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi, bahari kulia na bahari kushoto, na taa zimebanana katikati, pale ulipobanwa kiuno. Kuanzia Juni huonekana pia taa za mashua za wavuvi wa ngisi. Februari bahari ilikuwa giza tupu, na upepo wa kule juu hauna adabu. Hatukukaa.

Kuhusu chakula cha usiku, tahadhari kwa Waislamu wenzangu. Rameni ya chumvi, yaani tambi za supu, ni fahari ya Hakodate, lakini supu yake mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe. Na kuna mlo maarufu wa hapa unaoitwa yakitori bento. Mahali pengine Japani neno yakitori ni mishikaki ya kuku. Hapa Hakodate, mishikaki hiyo iliyolazwa juu ya wali ni ya nguruwe. Tukaingia kibanda cha samaki wa kuchoma tukaagiza hokke: samaki mnene wa bahari ya baridi, amepasuliwa akafunguliwa kama kitabu, akaanikwa kidogo, kisha akachomwa mpaka mafuta yanachuruzika. Alipoletwa, dada alimgeuza kwa ncha ya kijiti. "Huyu si ng'onda huyu?" Akala, akabakisha mfupa wa kati umesafishika.

Jumamosi: Hakodate, chini ya bahari, Aomori

Soko la asubuhi liko ubavuni mwa stesheni, na kipindi hiki hufunguliwa saa kumi na mbili. Giza bado. Kwenye vichochoro vilivyoezekwa kuna kaa wa miguu mirefu waliopangwa juu ya barafu, mayai mekundu ya samoni kwenye mabakuli, na wale viumbe wa miiba mieusi ambao kwetu ukiwakanyaga wakati bahari imetoka unashinda unachomolewa miiba. Huku wanapasuliwa, unaliwa ule ute wa rangi ya chungwa ulio ndani, na bei yake inatosha kumlipa mvuvi wa Deep Sea, kwetu Tanga, mshahara wa siku kadhaa. Dada aliposikia alisimama. "Tumekuwa tukitupa hela miaka yote hii."

Ndani ya jengo moja la soko kuna bwawa dogo la maji ya bahari lenye ngisi hai. Unalipa, unapewa fimbo fupi yenye kulabu, unavua mwenyewe. Bei hubadilika kila siku, na miaka ya karibuni imepanda sana kwa sababu ngisi wamepungua katika bahari hii, mpaka mji uliojiita wa ngisi unahangaika kuwapata. Nilimlipia dada. Alisogea kwenye ukingo, mtandio kaufunga vizuri, glovu kavua, akateremsha kulabu taratibu chini ya yule aliyekuwa karibu naye, akavuta kwa ghafla. Nilisahau kwamba nimeleta mtoto wa pwani. Ngisi alipotoka majini alirusha maji, yakampata kijana aliyekuwa anasubiri zamu, na watu wote wakacheka isipokuwa ngisi.

Muuzaji alimchukua, na hapa nilitazama mikono yake kwa makini. Akachomoa kichwa na utumbo kwa mvuto mmoja. Akakata mapezi. Akafungua mwili kwa kisu, akausafisha, akaukata nyuzi nyembamba mpaka bakuli likajaa. Nafikiri hata dakika moja haikuisha. Ngisi aliyekufa muda mrefu ni mweupe kama tunavyomjua sisi. Huyu alikuwa haonekani vizuri: unaona rangi ya sahani kupitia nyama yake, na juu ya ngozi ya kichwa vidoa vya kahawia vilikuwa bado vinafunguka na kufumba. Tangawizi pembeni, sosi ya soya, basi.

Dada alisukuma sahani upande wangu. Nikala. Ni mtamu, ana ukakasi kidogo wa kutafuna, na tangawizi inamkata shombo. Yeye alinunua kaa wa kuchemsha kwenye kibanda cha jirani, akala amesimama, akinitazama.

Tukapanda tramu hadi mtaa wa Motomachi. Bandari ya Hakodate ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1859, pamoja na Yokohama na Nagasaki, kwa hiyo wageni walijenga huku juu mlimani: kanisa la Kiorthodoksi la Warusi, la Kikatoliki na la Kianglikana, yote yamesogeleana, na hekalu la Kibudha liko hapohapo. Hekalu hilo ni la zege, limejengwa 1915, kwa sababu mji huu uliungua mara nyingi na watu walichoka kujenga kwa mbao. Mtaa mzuri, lakini ni wa miteremko, na theluji iliyokanyagwa usiku kucha imekuwa kioo. Wenyeji hutembea hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Dada alijifunza kwa kumfuata bibi mmoja mwenye mfuko wa vitunguu, aliyeteremka mteremko wa Hachiman-zaka bila hata kupunguza mwendo. Kutoka juu ya mteremko huo barabara inakwenda moja kwa moja baharini, na mwisho wake unaona meli iliyotia nanga. Ni Mashu Maru, moja ya meli zilizokuwa zikibeba treni.

Shinkansen haiingii Hakodate. Unapanda treni ndogo iitwayo Hakodate Liner kwa dakika kama 20 hadi Shin-Hakodate-Hokuto, stesheni iliyojengwa katikati ya mashamba, na hapo ndipo reli ya mwendo kasi imekuwa ikiishia tangu Machi 2016. Treni yenyewe ni ya kijani yenye mstari wa zambarau. Dada alikuwa ameisubiri hii kuliko yote, maana Desemba alipanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma na tangu hapo ni mtaalamu wa treni.

Sasa, handaki. La Seikan lina kilometa 53.85, na kati ya hizo kilometa 23.3 ziko chini ya bahari. Reli inapita mita 240 chini ya usawa wa bahari, mita 100 chini ya sakafu yake. Zamani abiria walivuka Mlango bahari wa Tsugaru kwa meli. Septemba 26, 1954, meli ya Toya Maru ilitoka Hakodate wakati wa kimbunga, ikapinduka nje ya bandari, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Wazo la handaki lilikuwapo kabla ya hapo. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulipinga. Lilichimbwa kwa miaka mingi, maji ya bahari yakaingia zaidi ya mara moja, wafanyakazi 34 wakapoteza maisha, na treni ya kwanza ya abiria ikapita Machi 13, 1988.

Nilimweleza dada haya yote kwa sauti ya mwalimu, na yeye ndiye mwalimu. Akaniuliza swali moja. "Mbona imepunguza mwendo?"

Kweli ilikuwa imepunguza. Ndani ya handaki shinkansen hii, yenye uwezo wa kilometa 320 kwa saa ikiwa huko kusini, kwa siku za kawaida hairuhusiwi kuvuka 160. Sababu ni treni za mizigo. Viazi na vitunguu vya Hokkaido vinapita humuhumu, kwa mabehewa ya reli nyembamba ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Shinkansen inahitaji 1,435. Kwa hiyo humo ndani zimelazwa reli tatu badala ya mbili, treni mbili za aina tofauti zinatumia njia moja, na ikiwa shinkansen itapishana na treni ya mizigo kwa kasi yake yote, upepo wake unaweza kuyumbisha makontena. Ndiyo maana ya 160.

"Mia na sitini," dada akasema. "Hiyo si mwendo wa SGR yetu?"

Ndiyo hiyo. Alitabasamu mpaka tukatoka upande wa pili.

Chakula cha mchana tulikilia humo, mita hizo 240 chini. Nilikuwa nimenunua ngisi wa mchele kwenye pakiti, na nikasoma nyuma kwanza kama kuna pombe ya kupikia. Hii hutiwa kwenye vyakula vingi vya Japani na inafaa kuitafuta kabla ya kulipa. Ngisi alikuwa wa kahawia iliyokolea, mgumu nje, na wali wa ndani umenata umelowa utamu wa soya. Unamkata vipande vya duara. Dada alisema hiki ndicho chakula, kimepikwa, kimeeleweka, na mtu aliyewaza kutia wali ndani ya ngisi wakati wa njaa angestahili kupewa shule iitwe kwa jina lake. Nje ya dirisha hakukuwa na kitu ila weusi na taa zinazopita. Kusema kweli, kama si tangazo la kwenye treni, usingejua uko chini ya bahari. Kazi ya miaka mingi yote ile imekuwa usingizi wa nusu saa kwa abiria.

Stesheni ya Shin-Aomori, kisha treni ya kawaida kituo kimoja hadi Aomori. Hapa napenda zaidi. Stesheni ya Aomori imekaa vibaya kwa mtu asiyejua historia yake: reli zinakuja kutoka pande mbili, zinaungana, halafu zinaelekea baharini na kukatika. Zilikuwa zinaingia melini. Meli ya Hakkoda Maru bado imeegeshwa palepale, ya njano na nyeupe, sasa ni makumbusho, na ukiteremka tumboni mwake unakuta mabehewa yamesimama kwenye reli zilizofungwa kwenye sakafu ya chuma. Meli moja ilichukua mabehewa 48 ya mizigo, na safari ilikuwa karibu saa nne. Dada, ambaye mumewe ametoka Mwanza, alinikumbusha kwamba MV Umoja hufanya kazi hiyohiyo Ziwa Victoria, inavusha mabehewa kwenda Port Bell. Nilikuwa nasubiri nimshangaze, nikashangazwa mimi.

Saa nane mchana, theluji ikaanza kumwagika. Aomori hupokea kwa wastani zaidi ya mita tano za theluji kwa msimu mmoja, na mji wa watu wengi hivi kupata theluji kiasi hicho ni nadra duniani. Kando ya mitaa kuna mitaro iliyofunikwa yenye maji yanayokwenda kasi; wenye nyumba hufunua mfuniko, husukumia theluji ndani kwa koleo, maji yakaichukua. Mzee mmoja alikuwa anafanya hivyo bila haraka, na nyuma yake pale alipokwisha kusafisha palikuwa pameshaanza kuwa peupe tena.

Soko la Furukawa ni mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Hufungwa Jumanne. Utaratibu wake: mlangoni unanunua tiketi ndogondogo, tiketi moja inakupa bakuli la wali wa moto, kisha unazunguka meza kwa meza na wauzaji wanakuwekea juu ya wali kipande unachokitaka kwa tiketi moja, mbili, au zaidi kama ni jodari wa mafuta. Mlo huu wanauita nokkedon. Nilichukua jodari, hotate mbichi, mayai ya samoni na kamba. Hesabu ni muhimu, maana tiketi huisha kabla ya hamu.

Dada alizunguka soko zima mara mbili kabla ya kutoa hata tiketi moja. Mama muuza hotate alimwona, akaelewa bila kuambiwa, akamnyooshea kidole upande wa vitu vilivyopikwa: samoni wa kuchoma, kipande cha yai tamu lililokunjwa, kaa. Bakuli lake likawa zuri kuliko langu. Kisha yule mama akakata hotate mbichi vipande viwili, kimoja akampa dada kwa kijiti cha meno, bure, akabaki anamtazama. Mkono wa mtu mzima anayekupa chakula haurudishwi. Dada akafumba macho, akala.

Nikangoja.

"Tamu," akasema. "Kama imetiwa sukari." Kisha akaongeza haraka, "Lakini huyu si samaki." Na hakuna tiketi nyingine aliyoitumia kwa kitu kibichi, kwa hiyo msimamo wake uko palepale.

Jioni tuliingia Warasse, jengo linalohifadhi nebuta, yaani masanamu makubwa ya karatasi ya mashujaa na mapepo yanayosukumwa mitaani kila mwaka Agosti 2 hadi 7. Mengine yana upana wa mita tisa. Yameundwa kwa waya, yakafunikwa karatasi ya Kijapani, yakachorwa kwa wino mweusi na nta, na taa ziko ndani. Ukisogea unaona mshono wa karatasi kwenye kila kidole cha sanamu. Yanayobaki humo ni machache. Mengi huvunjwa baada ya tamasha na mafundi huanza upya kwa mwaka unaofuata. Tukanywa juisi kutoka kwenye mashine ya stesheni inayouza juisi za matufaha tu, kila chupa aina yake ya tufaha, tukalala mapema.

Jumapili: Goshogawara, kisha Hirosaki

Aomori hutoa takriban asilimia 60 ya matufaha yote ya Japani, na kutoka dirishani mwa treni asubuhi hiyo unaona kwa nini: mistari ya miti mifupi, myeusi, imekatwa matawi, imesimama kwenye theluji mpaka mbali. Miche ya kwanza ililetwa mkoani humu mwaka 1875. Tufaha aina ya Fuji, linalouzwa leo hata kwenye supamaketi za Dar na Nairobi, lilizalishwa mji mdogo wa Fujisaki tuliopita bila kusimama muda mrefu, na limeandikishwa rasmi mwaka 1962. Mlima unaotawala yote haya unaitwa Iwaki, mita 1,625, ulijitokeza kwa dakika chache ukajifunika tena.

Tulibadilisha treni Kawabe, tukaingia njia ya Gono hadi Goshogawara. Pasi ya JR inaishia hapa, maana Reli ya Tsugaru ni kampuni nyingine, ndogo, yenye kilometa 20.7 tu, iliyofunguliwa 1930. Treni ya jiko hutembea kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31, na unalipa nauli pamoja na nyongeza ya jiko. Wenyeji wanaokwenda zao sokoni hupanda behewa la kawaida lililoungwa humohumo bila nyongeza, na wana haki ya kututazama wanavyotutazama.

Behewa la jiko ni la zamani, sakafu ya mbao, viti vya mbao vyenye mito ya kitambaa. Majiko mawili ya chuma kila behewa, ya duara, bomba la moshi limetoboa dari. Kondakta anakuja na koleo dogo, anafungua mlango wa jiko, anatia makaa ya mawe, anafunga. Waliokaa karibu na jiko walianza kwa furaha, baada ya vituo viwili wamevua makoti, baada ya vitatu wanahama.

Wahudumu hupita na kikapu: bia, sake (pombe ya mchele), na ngisi mkavu. Tukakataa pombe, tukachukua ngisi. Mhudumu hakutupa tu. Alivaa glovu za pamba, akamlaza ngisi juu ya bamba la jiko, na kila alipojikunja akambana kwa viganja, akamgeuza, akambana tena. Ngisi akatoa sauti ya kupasuka, ncha za miguu zikaungua kidogo, na harufu ikajaa behewa zima: bahari, moshi, utamu wa kitu kilichokauka muda mrefu. Kisha akamchana kwa mikono kufuata nyuzi zake, akatuletea kwenye mfuko wa karatasi, wa moto.

Nimekula shinkansen, nimekula sokoni, na bado naweka treni hii juu. Ina mwendo wa baiskeli. Nje hakuna cha kuona ila theluji inayopeperushwa mlalo na upepo wa uwanda wa Tsugaru, nguzo, mara nyumba, mara theluji tena. Kila mtu amekaa anatafuna. Bibi mmoja upande wa pili alitupa kipande cha tufaha lililokaushwa na kutusemesha kwa lahaja ya Tsugaru, ambayo hata Wajapani wa Tokyo inawashinda. Mimi niliambulia robo. Dada akamjibu kwa Kiswahili, kwa kirefu, akamshukuru na kumwombea afya. Wakaendelea hivyo mpaka Kanagi, bibi akashuka akipunga mkono.

Mchana tulirudi hadi Hirosaki. Ngome yake ni ya 1611, mnara uliopo ni wa 1810, na tulipofika mnara huo haukuwa mahali pake: ukuta wa mawe chini yake ulianza kutokeza nje, ikabidi mwaka 2015 mnara mzima, tani kama 400, usogezwe mita 70 hivi ili mawe yafunguliwe na kupangwa upya. Kuna miti ya cheri kama 2,600 bustanini. Februari ni vijiti. Dada hakuvutiwa na ngome. Alivutiwa na duka la mishono ya kogin, nyuzi nyeupe za pamba kwenye kitambaa cha katani cha buluu iliyokolea. Wakulima wa Tsugaru zamani walikatazwa kuvaa nguo za pamba, na katani haizuii baridi, basi wanawake wakaijaza nyuzi, tundu kwa tundu, mpaka ikawa nzito na yenye mapambo ya mraba mraba. Alikipindua kitambaa kuangalia upande wa nyuma, akahesabu nyuzi kwa kucha, akauliza bei, akarudisha. Baada ya dakika kumi tukarudi dukani.

Hirosaki hugawa ramani ya pai za matufaha. Maduka ni makumi, na kwa kila pai ramani inaeleza kiwango cha utamu, uchachu na mdalasini. Tulijaribu mbili kwa sababu tumbo lilikuwa bado na ngisi: moja ya tufaha lililobaki na ugumu wake, bila mdalasini kabisa, nyingine laini, ya mdalasini mwingi. Dada ni mtu wa mdalasini. Mimi nasema unafunika tufaha. Hatukuafikiana.

Kwa atakayefuata njia hii: akitaka treni ya jiko aje kabla ya Aprili, akitaka cheri za Hirosaki aje mwishoni mwa Aprili, na vyote viwili kwa safari moja havipatikani. Buti za soli yenye meno anunue hukuhuku, ni nafuu. Ngisi mkavu husafiri vizuri, lakini afungwe mara tatu. Mtandio wa dada umeshafuliwa na bado unanukia Goshogawara.